Suali na Jawabu na Fundi wa Mikindani: Maua Yale Hayakupakwa Rangi

Toleo lililopita nilidokeza, mistari minne tu, kwamba nilimsindikiza dada yangu kwenye matibabu Delhi, na siku moja tukisubiri majibu ya vipimo mpwa wangu akanipandisha treni hadi Agra nikaione Taj Mahal, lile kaburi la kifalme la India. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Mhariri amenikabidhi barua na ujumbe wa simu mpaka nikamwambia basi, mwezi huu tuyaweke kando mambo ya nyufa na mchwa, tuzungumze Agra. (Aliyeuliza kuhusu mchwa wa Masasi avumilie. Mchwa hawaendi popote.)

Kwa wageni wa ukurasa: mimi ni mwashi wa Mikindani. Kazi yangu ni chokaa na mawe ya matumbawe, zile nyumba za kale za pwani ambazo ukuta wake una upana wa mkono mzima. Usanifu sikuusomea. Nayasema ya mtu aliyeshika mwiko tangu ana miaka kumi na tano.

SUALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi kijana, najenga hapa Mtwara Mjini, upande wa Chuno. Tajiri mmoja wa korosho ameniletea picha ya Taj Mahal kwenye simu, anataka kibaraza chenye kuba kama lile mbele ya nyumba yake, na maua ukutani. Nimemwambia kuba nitalimwaga kwa zege na nondo, maua nitamtafutia mchoraji. Lakini usiku sikulala. Wale wa zamani hawakuwa na nondo wala saruji. Kuba lile lilisimamaje? Na maua yale yalipakwa rangi gani isiyofutika miaka yote hiyo?

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Kwanza niambie hujapokea malipo ya awali ya maua, maana hapo ndipo ulipokosea.

Maua yale hayakupakwa rangi. Ni mawe. Kila jani, kila kikonyo, kila ncha ni kipande cha jiwe kilichokatwa, kikasagwa, kikapachikwa ndani ya marumaru. Na nikisema marumaru sisemi zile za sakafuni zinazouzwa kwa boksi pale mjini. Nasema jiwe lenyewe, jeupe, lililochimbwa Makrana huko Rajasthan, kiasi cha kilomita 400 kutoka Agra. Ndani yake wakapachika akiki nyekundu, yaspi, feruzi, na lapis ya buluu iliyotoka Afghanistan.

Nilipofika ukutani nilifanya ambalo mwashi yeyote angelifanya. Nilipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye weupe kwenda kwenye ua jekundu, nikitafuta pale jiwe moja linapoishia na jingine kuanza. Ukucha haukukwama. Nikarudia nimefumba macho. Ilikuwa kama kupapasa yai. Mlinzi akanikoholea, nikatoa mkono. Mbele kidogo, mwenye kututembeza akawasha tochi ndogo akaibandika juu ya ua: marumaru ikang'aa kama ina mshumaa ndani, na zile petali za akiki zikawaka kama kaa linalopulizwa. Akasogeza tochi kwenye jani la kijani, lile likabaki giza totoro. Mimi nashuku aliyechagua yale mawe hakuangalia rangi peke yake. Alijua lipi linakunywa mwanga na lipi linaukataa.

Baadaye mpwa wangu akanipeleka kwenye karakana ya mafundi wanaoendelea na kazi hiyo mpaka leo. Yupo mzee amekaa chini, mguu mmoja kaukunja, mbele yake gurudumu dogo la kusagia. Mkono mmoja unavuta uta mbele na nyuma, gurudumu linazunguka. Mkono wa pili unalishikiza jiwe lisilozidi punje ya mchele. Wazee wa Mikindani mtakumbuka seremala wa milango alivyozungusha keekee kwa uta wake. Ndiyo hiyohiyo. Kibao cha marumaru amekipaka rangi nyekundu kama hina, ili akikwaruza mchoro kwa ncha ya chuma mstari utoke mweupe. Anachimba kitundu kwa patasi nyembamba, anajaribu kipande, hakiingii. Anakirudisha kwenye gurudumu, anakigusisha mara mbili, anajaribu tena. Nilikaa nikamhesabia: kipande kimoja alikijaribu mara saba. Nikamuuliza gundi yake anaitengeneza na nini. Akacheka, akanimiminia chai. Siri ya nyumba hiyo.

Na ua moja pale Taj Mahal linaweza kuwa na vipande zaidi ya 40. Sasa mpigie hesabu tajiri wako wa korosho.

Chini ya kuta, usawa wa kiuno, yako maua mengine yasiyo na rangi kabisa. Yamechongwa yakainuka kutoka kwenye jiwe lenyewe, jeupe juu ya jeupe. Hapo nikawakumbuka wachongaji wetu wa Kimakonde: huungi kitu, unaondoa kisichotakiwa mpaka ua libaki peke yake, na ukikosea mara moja kazi yote imekwenda na maji. Mimi niliyapenda haya kuliko yale ya vito. Mpwa wangu akaniona mshamba.

Tuje kwenye kuba. Watu wanadhani jengo lile ni marumaru tupu. Hapana. Mwili wake ni matofali ya kuchoma na chokaa. Marumaru ni kanzu. Kuba ni pete za matofali, pete juu ya pete, kila moja imeingia ndani kidogo kuliko ya chini yake. Pete ikishafungwa haiangukii ndani, kwa sababu kila tofali limebanwa na mwenziwe. Taabu ya kuba haiko juu, iko chini. Chukua kikapu cha ukindu, kigeuze kifudifudi, ukikalie. Utaona mdomo wake unavyotaka kupanuka. Kuba nalo hivyohivyo, linazisukuma kuta kwenda nje. Wewe utalifunga kwa nondo. Wao walilifunga kwa uzito: kuta nene, na vyumba vya pembeni vinavyouegemea ukumbi wa katikati pande zote, kama watu waliosimama kumzuia mlevi asianguke.

Tena yako mawili, moja ndani ya jingine. La ndani lina kimo cha mita 24 hivi kutoka sakafuni, la mtu aliyesimama ndani. La nje, lile la umbo la kitunguu, ni la mtu aliye mbali, hata ng'ambo ya mto. Kati yake patupu. Lingekuwa moja tu, ama ukiwa nje ungeliona fupi kama bakuli, ama ukiwa ndani ungejiona umetumbukia kisimani. Hadi ncha ya juu kabisa jengo lina mita 73.

Na msingi, ambao hakuna anayeupiga picha. Jengo liko ukingoni mwa mto Yamuna, penye mchanga na maji. Walichimba visima vingi, wakavijaza mawe na chokaa, juu yake ndipo wakainua jukwaa la jengo. Wewe ukijenga karibu na mikoko unajua maji ya chini yanavyotafuna msingi. Nilisimama upande wa nyuma unaotazama mto, nikatazama ule ukuta mwekundu unavyoshuka, nikayasahau maua yote.

Chokaa yao waliichanganya na unga wa matofali yaliyopondwa, ndipo ikashika hata penye unyevu. Mafundi wa Kihindi wa enzi zile walizoea pia kutia sukari guru na nafaka za jamii ya choroko. Nilipomsimulia mke wangu akasema hiyo si chokaa, hiyo ni futari.

Mwage kuba lako la zege, wala si dhambi. Ila usisahau mkanda wa nondo kule chini kwenye mdomo wa kikapu. Kuhusu maua, mwambie mwenye nyumba ukweli.

SUALI: Asalaam aleykum. Dukani kwangu Kilwa Masoko nina kalenda yenye picha ya Taj Mahal, na wateja wamegawanyika. Pembeni kuna majengo mawili mekundu yanayofanana. Wapo wasemao ni misikiti miwili, wapo wasemao ni nyumba za walinzi. Na minara minne mbona kama imeinamia nje, au kalenda imekunjamana?

JAWABU: Waaleykum salaam. Kalenda yako nzima, usiitupe.

Jengo la magharibi ni msikiti kweli. Sisi huku Kusini tukisimama kuswali tunaelekea kaskazini, karibu sawasawa, maana Makka iko juu yetu moja kwa moja. Watu wa Agra wanaelekea magharibi. Kwa hiyo msikiti umewekwa upande huo na una mihrabu. Lile la mashariki limejengwa kwa vipimo vilevile, mawe mekundu yaleyale, makuba matatu vilevile, lakini mihrabu halina, na lisingeweza kuwa nayo, maana ungeswali umeipa kibla mgongo. Kazi yake ya kwanza ni kukaa tu pale, mizani isilale upande mmoja. Unajua linaitwaje? Jawabu. Ndiyo, neno hilihili la ukurasa huu. Mpwa wangu aliponiambia nilimwomba arudie. Miaka yote naandika majawabu hapa, sijawahi kuona jawabu lililojengwa kwa mawe.

Kila kitu mle kina mwenzake isipokuwa kimoja. Kaburi la Mumtaz Mahal liko katikati kabisa, chini ya kilele cha kuba. Mumewe, mfalme Shah Jahan, alipofariki mwaka 1666 akawekwa ubavuni mwake upande wa magharibi, na kaburi lake ni kubwa zaidi. Mwashi akiingia humo jicho linamwasha: kila kitu kimepimwa kwa uzi, halafu mwenye mali mwenyewe ndiye aliyevunja mizani. Hayo yanayoonekana juu, ndani ya uzio wa marumaru uliotobolewa kama wavu, ni alama. Makaburi yenyewe yako kwenye chumba cha chini yake.

Minara ina zaidi kidogo ya mita 40, na ni kweli imeinamia nje. Timazi yangu niliiacha Mikindani, lakini nilifunga ufunguo wa nyumba kwenye uzi, nikauinua mbele ya jicho moja. Uzi ukashuka wima, mnara ukauacha. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ardhi ikitikisika iangukie nje, isiliangukie kaburi.

SUALI (ujumbe wa simu, Newala): Marumaru nyeupe hivyo haichafuki?

JAWABU: Inachafuka, tena sana. Moshi na vumbi la mji huigeuza ikawa ya manjano, na wadudu wa mtoni huacha madoa ya kijani. Husafishwa kwa udongo wa mfinyanzi: unapakwa ukutani mzito, unaachwa ukauke na kunyonya uchafu, kisha unaoshwa kwa maji safi. Yaani jengo linapakwa kama bibi harusi anavyopakwa liwa.

SUALI: Mimi ni mwalimu, Nachingwea. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba mfalme aliwakata mikono mafundi wote wasije wakajenga jengo jingine kama hilo, na kwamba alikusudia kujijengea jingine jeusi ng'ambo ya mto. Niwajibu nini?

JAWABU: Mwalimu, waambie hadithi zote mbili ni tamu na zote mbili hazina ushahidi.

Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 huko Burhanpur akijifungua mtoto wa 14. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, ikaendelea kwa miaka mingi, na majengo yote na bustani yakakamilika kufikia 1653. Watu waliofanya kazi wanakadiriwa kufika 20,000. Ungewakata wote mikono, nani angekujengea tena? Msanifu anayetajwa, Ustad Ahmad Lahori, ndiye huyohuyo anayetajwa kwenye ujenzi wa Ngome Nyekundu ya Delhi, iliyoanzwa mwaka 1639. Na mwandishi wa aya za Kurani, Amanat Khan, aliruhusiwa hata kuandika jina lake ukutani: Amanat Khan Shirazi, mtu wa Shiraz. Sisi wa pwani ya Kilwa tukisikia Shirazi masikio yanasimama. Huyu bwana ndiye aliyenishinda akili kuliko wote. Maandishi yake yanapanda kuzunguka mlango mkuu wa kaburi, Sura Yasin, na kadiri yanavyokwenda juu herufi zinazidi kuwa kubwa, ili wewe uliye chini uzione zote sawa. Nilikuwa nimesimama pale robo saa nikisoma kabla sijagundua nimedanganywa.

Kuhusu jengo jeusi: palichimbwa kwenye bustani ya Mehtab Bagh ng'ambo ya mto, na mawe meusi yaliyodhaniwa ni mabaki yake yalikuwa meupe yaliyobadilika rangi.

SUALI: Fundi, unatusifia kaburi la India, nyumbani Kilwa Kisiwani umepasahau? Msomaji, Kilwa Kivinje.

JAWABU: Umenipata penye kidonda. Sikupasahau. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa na makuba ya mawe na chokaa miaka 300 kabla ya Agra. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 mji ulikuwa umeshamiri. Na kwenye ule msikiti mdogo wa makuba, mafundi wetu walipachika mabakuli yenye kung'aa ndani ya dari, yakiwa mazima, mdomo ukitazama chini. Mara ya kwanza kuingia mle nilikuwa kijana wa kubeba maji. Nililala chali sakafuni nikayatazama mpaka fundi mkuu akanipiga teke. Kwa hiyo nilipoona akiki za Agra sikushangaa kwamba mtu anaweza kupachika kitu ukutani. Nilishangaa udogo wake.

Na hili uwaambie kijiweni: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Taj Mahal iliingia 1983.

SUALI: Kaka fundi, mimi ni mjane, naishi Lindi katika nyumba ya kale aliyoniachia marehemu. Ukuta ni wa mawe, dari la juu ni la boriti na chokaa. Mwaka jana fundi mmoja alinimwagia saruji juu ya dari lote akaniapia halitavuja tena. Mvua hizi zimekuja, linavuja mahali pawili, na lipu ya ukutani inaanguka vipande vikubwa kama sahani. Fundi hapokei simu. Nyumba yangu ndiyo imekwisha?

JAWABU: Pole sana, dada. Haijaisha. Na kwa kuwa mwezi huu ni wa Agra, nikupe na hili. Mwaka 1652 Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan, alimwandikia baba yake barua kumwarifu kwamba mvua ikinyesha lile kuba kubwa linavuja upande wa kaskazini, mahali pawili. Pawili, dada, kama pako. Na huyo baba alikuwa na hazina ya Bara Hindi mkononi na mafundi bora wa zama zake.

Saruji ni ngumu, tumbawe ni jiwe laini linalopumua. Jua la Lindi likipiga, boriti zinacheza kidogo, saruji haichezi, inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji yanaingia kwenye ufa, hayawezi tena kukauka kwa juu, yanashuka ukutani yakitafuta njia, yanaisukuma lipu pamoja na chumvi yake. Ndizo sahani zako hizo.

Usikubali mtu akuongezee saruji juu ya saruji. Ngoja mvua zikatike, Juni hivi. Ing'olewe taratibu kwa patasi na nyundo ndogo. Atakayekuja na sururu mrudishe mlangoni. Boriti zikaguliwe mojamoja: choma kisu pale inapoingia ukutani, kikizama imeoza hata kama katikati ni nzima. Ndipo ije chokaa iliyolowekwa majuma mengi, si siku mbili, na mchanga wa mtoni uliochekechwa. Wa ufukweni una chumvi, hata uoshwe na mama mkwe. Zamani wanawake walilipiga dari kwa vijiti wakiimba mpaka chokaa ikashikamana. Siku hizi utawalipa vijana, na hawataimba. Wakimaliza lifunikwe magunia mabichi, yalowanishwe asubuhi na jioni majuma mawili.

Kwa sasa usimlipe mtu. Mvua ijayo ikikatika, mwambie kijana apande juu na kipande cha mkaa, achore duara kila mahali maji yanapotuama, kisha apime kwa hatua kutoka ukuta wa upande wa barabara. Halafu ashuke ayapime na madoa ya ndani vilevile. Uniandikie hesabu zote mbili, maana maji hayatokei pale yalipoingilia.